Mkate wa Sista niliomwokea mama kwa ngano ya serikali

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za jioni.

Mimi humu ni msomaji tu. Juzi mdau mmoja kule jukwaa la mapishi aliuliza kama kuna anayejua kuoka ule mkate wa kahawia wa Ireland, usiotiwa hamira. Mimi najua. Nilianza kumjibu pale pale, lakini nilipofika kwenye maziwa nikaona siandiki mapishi tena, naandika haya.

Ni mambo yaliyonipata mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine sijaongeza wala kupunguza.

Mimi ni mzaliwa wa Daudi, Mbulu. Mama yangu alifanya kazi ya jikoni misheni kwa miaka mingi, kwa Sista mmoja muuguzi kutoka Ireland. Sista alikuwa haishi kuulilia mkate wa kwao, na kwa kuwa Mbulu ngano ipo na maziwa ya mgando yapo, alimfundisha mama kuuoka.

Ni mkate mwepesi kuliko yote. Unga wa ngano usiokobolewa, na pumba zake zote. Chumvi. Baking soda kidogo, ambayo mama aliiita magadi ya kizungu. Maziwa ya mgando. Basi.

Haukandwi. Unaingiza vidole vimekunjwa kama kucha za kuku, unazungusha mpaka unga ushikane, unaacha. Ukiukanda unakuwa jiwe. Kisha unauchora msalaba juu kwa kisu, mstari uzame.

Mama alimuuliza Sista kama msalaba ule ni wa baraka. Sista akasema ndiyo, lakini bibi zake kule kwao walisema ni wa kuwafungulia mlango viumbe wadogo wanaojificha ndani ya unga. Mama alicheka sana siku hiyo. Alirudi nyumbani akatuambia, "Kumbe na wazungu wana mambo yao."

Mama alinifundisha mimi. Kaka yangu, nimwite Amsi, alikuwa mlaji.

Sista alipozeeka akarudi kwao. Mkate ukabaki na jina lake: mkate wa Sista.

Nikaolewa mbali, upande wa Basotu, kando kabisa ya mashamba ya ngano ya serikali. Mume wangu Bura alikuwa fundi msaidizi kwenye kombaini, zile mashine za kuvunia ngano.

Wadogo zangu mliozaliwa juzi hamuwezi kupata picha. Ngano mpaka macho yanachoka. Upande mmoja mlima Hanang, upande mwingine ngano inayogusa mbingu. Ndugu zetu Wabarabaig waliokuwa wakichunga pale tangu mababu walisukumwa pembeni, ng'ombe wao wakawa wanaangalia majani kwa mbali.

Na sisi tulioishi katikati ya ngano hiyo hatukuwa na mkate. Ilivunwa, ikapakiwa kwenye malori, ikaenda mjini. Ilikuwa miaka ile ya maduka kuwa na rafu na muuzaji, bidhaa hakuna. Sabuni ulisikia habari zake tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nilikuwa na binti mmoja, ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa. Alishikwa na homa kabla ya mavuno, na hatukuwahi kufika naye hospitali. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mnisamehe.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto mdogo inaingia kwenye kitu kinaitwa metimani. Wengine humu mnaijua, wengine mnaisikia leo. Nyumba inajitenga. Hampeani moto na majirani. Hamnywi na mtu chombo kimoja. Hamkatizi shamba la mtu. Maziwa ya ng'ombe wenu hayatoki nje ya boma lenu, na chakula cha mkono wenu hakiliwi na mtu wa nje. Inaaminika kifo kile kinaambukiza kupitia vitu hivyo. Inakaa hivyo mpaka mama wa nyumba apate dalili ya mimba nyingine, au wazee waseme imetosha.

Sio kwamba watu wanakuchukia. Wanakusalimia, lakini kwa mbali. Jirani yangu aliniletea pole akiwa ng'ambo ya korongo, akipaza sauti, na mimi nikaitikia kwa kupaza sauti. Tulilia kwa kelele hivyo hivyo, tukielewana.

Tulikuwa Wakristo wote. Padri alikuja, akasali, akasema mambo hayo yameshapitwa na wakati. Waumini wakaitikia amina. Kisha wakaenda zao, hakuna aliyeonja maji pale kwangu.

Mama alikuwa anaumwa tayari wakati huo, tumbo. Amsi na wazee wa Daudi wakaamua asiambiwe habari ya mjukuu. "Itammaliza," walisema. Mimi pia nilikubali. Ilionekana ni huruma.

Wiki zikapita. Siku moja mchana Amsi akatokea bomani kwangu. Amsi alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa. Alisimama nje ya uzio, mkono mmoja juu ya mti wa lango.

"Karibu ndani, kaka."

"Nina haraka. Nimeacha lori barabarani."

Barabara ilionekana toka pale. Hapakuwa na lori.

Akasema mama hali kitu. Uji anatapika, ugali hataki kuuona. Daktari amesema asipopata nguvu hata ya kukaa kwenye gari, hawezi kupelekwa hospitali kubwa akapasuliwe, na bila kupasuliwa hana muda.

"Kitu kimoja tu anakitaja," alisema. "Mkate wa Sista. Tumemwambia tutampatia wa dukani, akatutukana. Anasema wa mkono wako."

"Na hii metimani, Amsi?"

"Hayo ni mambo ya wazee. Sisi tuna Yesu."

"Basi ingia unywe maji."

Akatazama barabara. "Lori litaniacha," akasema.

Nilicheka, wakuu. Sikuwa nimecheka muda mrefu, na kicheko kile hakikuwa kizuri.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kivulini anasikia yote. Amsi alipoondoka akaniambia, "Nenda kwa mama yako. Ningekuwa mimi ningekwenda. Ila ukifika usile naye chombo kimoja."

Kwanza nilijaribu nyumbani, kuona kama mkono bado unakumbuka. Baking soda sikuwa nayo. Nikasema magadi si magadi? Tulikuwa na ya ziwa Balangida, ile tunayotia kwenye maharage. Nikaitia.

Mdau uliyeuliza mapishi, usifanye hivyo. Mkate ulitoka kijani. Kijani kabisa, kama uliokotwa ziwani, na harufu ya sabuni. Bura akaumega, akatafuna, akaniangalia.

"Ungenipa na shati nifulie," akasema.

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka. Halafu kicheko kikakatika, kila mtu akaangalia upande wake, kwa sababu kuna mtoto ambaye angependa sana kuuona mkate wa kijani.

Nikajua sina ujanja, lazima nipate soda ya kweli. Na nilipokuwa nimelala nikiwaza, nikaona jambo jingine. Nikimwokea mama kwa maziwa yangu na moto wangu, nitamlisha metimani bila yeye kujua. Mimi sijui kama niliiamini au sikuiamini. Ninachojua ni kwamba yeye aliiamini, pamoja na rozari yake. Sikutaka kumdanganya mama yangu kupitia tumbo lake.

Nikaamua mkate huo usiguse chochote cha nyumbani kwangu.

Nikaanza na ngano. Shamba la mtu siruhusiwi kukanyaga. Lakini shamba la serikali, nani mwenyewe? Nilimuuliza mama mkwe. Akasema, "Lile halina mwenyewe. Halina wa kumdhuru." Kwa hiyo pahali pekee duniani nilipoweza kutembea kama mtu ni kwenye maelfu ya ekari ambayo hayakuwa ya mtu.

Kombaini zilikuwa zimeshapita. Kwenye kona zinapogeukia huwa zinaacha masuke. Niliokota kwa kanga mpya ambayo haikuwahi kuingia ndani kwangu. Wanawake wengine waliokuwa wakiokota kule mbali waliponiona wakasogea, wakaniachia upande mzima. Kwa hiyo niliokota vizuri kuliko wote.

Mlinzi akanikuta. Alikuwa mtu wa mbali, hajui habari zetu.

"Wewe mama, unaokota peke yako hekta yote hii? Wenzako wana nini?"

"Wananiheshimu," nikamwambia.

Akacheka, akaniacha. Nikapepeta palepale kwa upepo wa shambani.

Nikapanda lori la ngano hadi Katesh, nimekaa juu ya magunia na watu nisiowajua. Katesh nikasaga kwenye mashine ya mjini. Msagaji akauliza, "Hukoboi?" Nikasema hapana. Akawaambia wenzake huyu mama ana kuku wengi.

Soda niliipata kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyekuwa akipika maandazi karibu na stendi. Wazazi wake walikuja Katesh na biashara zamani, yeye kazaliwa hapo. Nilikuwa nimenunua kwake maandazi siku nilizopita mjini, tukafahamiana hivyo tu. Nilimwomba soda, nikamwomba na maziwa ya mgando, nikamwomba na moto.

Akanitazama. "Mwanangu, kwako hakuna mafiga?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba nimefiwa na mtoto, na namwokea mama mgonjwa, na kwetu iko hivi na hivi.

Hakusema mila zenu mbaya wala nzuri. Alisema, "Pole sana, mwanangu. Ni amana ya Mungu ile, amechukua." Akaingia ndani akatoka na sufuria ambalo alisema halijatumika tangu Idi. Kisha akanawa mikono.

"Lete nikukandie. Mimi nimezoea."

"Huu haukandwi, Bi Zuhura. Unaguswa tu."

"Mkate haukandwi? Basi huo ni uji umesimama."

Nikamwambia mama ameagiza mkono wangu. Akakubali, akakaa pembeni na kunikosoa mwanzo hadi mwisho.

Nikaweka sufuria kwenye makaa, na makaa mengine juu ya mfuniko. Ulipoiva nikaugeuza nikaugonga chini kwa kidole. Mkate huo ukiwa tayari unalia kama mlango wa nyumba isiyo na mtu. Ulilia hivyo. Kahawia, umepasuka vizuri kwenye msalaba. Sijawahi kuoka mzuri kama ule, na nimeoka mingi tangu hapo.

Ngano ya serikali. Mashine ya mjini. Soda, maziwa, sufuria na moto wa Bi Zuhura. Vyangu vilikuwa vidole tu.

(Naona mmeanza kuuliza kwa nini sikumwachia Bi Zuhura auguse yeye. Someni kwanza.)

Nikapata lori lililobeba viazi kutoka Gitting, likanifikisha Dongobesh, nikaungia jingine mpaka Mbulu, Daudi nikaingia kwa miguu. Mkate niliupakata, umefungwa kitambaa cheupe, kama mtoto. Abiria mmoja alinisogezea nafasi akidhani ni mtoto. Sikumsahihisha.

Amsi alinipokea nje. Akaninong'oneza, "Akiuliza, mtoto yuko kwa bibi yake. Usikosee."

Nikaingia. Mama alikuwa mdogo kitandani, kama ameachiwa nguo za mtu mkubwa. Lakini macho yalikuwa yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia harufu ulipokuwa bado nje. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa bibi yake. Njia ni ndefu."

"Umefanya vyema. Vumbi lile lingemkohoza." Akatabasamu. Alikuwa ameamini kabisa.

Nikafungua kitambaa. Akauangalia mkate kama mwalimu anavyoangalia daftari. Akapitisha kidole juu ya msalaba, hewani, bila kugusa.

"Umepasuka vizuri. Ulipata wapi magadi ya kizungu siku hizi?"

"Katesh mama, kwa Bi Zuhura mmoja, anapika maandazi."

"Na ngano?"

"Ya serikali. Niliokota kombaini zilipopita."

"Maziwa ni ya ng'ombe wako yule mwekundu? Maziwa yake yalikuwa mazito."

"Hapana mama. Ni ya huyo huyo Bi Zuhura. Na moto wake, na sufuria lake."

Nilijibu kwa fahari, wakuu. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka asifie kazi yangu. Kila nilichokisema kilikuwa kweli, na kila kimoja nilikitafuta kwa jasho ili mkate uwe safi kwake.

Tabasamu likaondoka taratibu, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba.

"Una ng'ombe, una mafiga," akasema. "Ukaenda kuoka kwa watu."

Nikakunja kile kitambaa, nikakikunjua tena.

Mwanamke wa Kiiraqw mwenye ng'ombe na moto wake haendi kuomba maziwa na moto kwa mgeni. Anakwenda kwa sababu moja tu. Mama hakuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, kitu kimoja kimoja, mpaka hesabu ikatimia.

"Lini?" akauliza.

"Kabla ya mavuno."

"Alikuwa ameanza kuita bibi?"

"Alikuwa ameanza."

Amsi alikuwa mlangoni. Akaingia haraka, akaanza kusema mama kula kwanza, hayo ni mambo ya zamani, Mungu hatazami hayo. Mama akamwangalia.

"Kata kipande ule wewe, Amsi, nikuone."

Mzee wa kanisa alitazama mkate. Akasema ameshiba, amekula sasa hivi. Nyumba nzima ilijua hakuna aliyekuwa amekula siku ile.

"Hata mimi ni mzee wa zamani, mwanangu," mama akaniambia. "Si kwamba sikupendi. Mkono hautaki kwenda."

Na kweli alijaribu. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Niliuona mkono wake ukitoka ndani ya blanketi, ukafika katikati, ukasimama hapo, kisha ukarudi. Mtu anayekufa kwa njaa na kitu pekee anachokitamani kiko karibu kuliko dirisha.

"Uweke pale kwenye kiti," akasema. "Usiutoe nje. Harufu nitaila."

Nikauweka. Alilala amegeukia upande wa kile kiti. Nilikaa chini, mbali kidogo, nisimguse, nisimnyweshe maji. Mke wa Amsi ndiye aliyemnywesha. Mimi niliyemfuata mwendo wote ule nilikuwa mtazamaji.

Hakula kitu kingine. Alifariki siku chache baadaye, kabla gari la kumpeleka hospitali kubwa halijapatikana. Mkate ulikuwa bado pale kitini, umeshakuwa mgumu. Waliofika msibani waliupita bila kuuliza. Hakuna aliyeutupa pia. Nadhani waliogopa hata kuwapa kuku.

Niliufunga kwenye kitambaa chake nikarudi nao.

Katesh nilishuka kubadilisha gari, Bi Zuhura akaniona kutoka kwenye karai lake.

"Enhe, mgonjwa aliupenda?"

Nikamtazama yule mama, uso unang'aa kwa mafuta, ametoa maziwa, soda, sufuria la Idi na makaa bila kutaka chochote.

"Aliumaliza wote," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema, na akaendelea kugeuza maandazi yake. Alifurahi kweli. Mkate ulikuwa kwapani kwangu.

Sasa, mlioniuliza. Angeugusa Bi Zuhura, mama angeuliza nani kaugusa, na ningejibu, na angejua. Ningeoka nyumbani kwa siri, angekula, na leo ningekuwa naandika uzi mwingine wa kwamba nilimlisha mama yangu kitu alichokiogopa, akafa. Angeambiwa msiba mapema, asingeagiza mkate kabisa. Nimezipita njia zote hizo nikiwa macho, miaka na miaka. Zote zinaishia kwenye kile kiti.

Kwa hiyo somo ninaloweza kuwapa ni dogo. Msimfiche mgonjwa msiba. Mtu anayewajua ataukuta hata ndani ya chakula mlichompikia kwa upendo, na atakuwa peke yake anapoukuta. Hilo halingemponya mama, najua. Lakini tungelia pamoja, hata kama ni kila mtu ng'ambo yake ya korongo.

Mashamba yale yalikuja kugawanywa, kombaini zikaota kutu. Metimani nayo imefifia, vijana wa sasa wanaisoma vitabuni. Wajukuu zangu wanaula mkate huu kila Jumapili na siagi, wanagombania ukoko. Nawatazama mikono yao inavyokwenda moja kwa moja, bila kusimama katikati.

Mdau wa mapishi, vipimo nitakuwekea kwenye uzi wako, hapa si mahali pake.

Wengine, kama kuna aliyewahi kumpikia mtu chakula kisiliwe, aandike hapa chini. Nitasoma kila mmoja. Na kama kuna anayeiona njia ambayo mimi sikuiona, naomba anioneshe, hata kama ni kwa maneno makali.